Dawa za kuongeza mkojo: Siri ni chumvi, si maji

MGONJWA aliyevimba miguu humeza tembe moja asubuhi, na kabla ya muda wa saa moja kupita ameanza safari za msalani. Kufikia jioni, viatu vilivyokataa kumwingia jana vinamwingia bila taabu.

Wengi wanaoshuhudia hali hiyo huamini kwamba dawa imezikamua figo na kuyasukuma maji yatoke kwa nguvu. Ndiposa baadhi yao hukata kauli kuwa tembe hizo huzichosha figo na hatimaye kuziua, wakaziacha mara tu uvimbe unapopungua.

Imani hiyo ni ya hatari. Shinikizo la juu la damu halibishi hodi. Mtu anaweza kuacha dawa, akajihisi mzima kwa miezi mingi, kisha akapatwa na kiharusi au akaambiwa hospitalini kwamba figo alizodhani anazinusuru zimeharibika.

Ukweli ni kwamba dawa nyingi za kuongeza mkojo, ambazo wagonjwa huziita dawa za maji, hazisukumi maji. Kazi yake ni kuzizuia figo zisirudishe chumvi kwenye damu. Chumvi ikibaki kwenye mkojo, maji nayo huifuata.

Anayelielewa jambo hilo moja ataelewa pia ni kwa nini dawa hizi humezwa asubuhi, ni kwa nini daktari huagiza damu ipimwe, na ni kwa nini kijiko cha chumvi mezani kinaweza kuibatilisha kazi ya tembe.

Suala hili linawahusu wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na dawa za kundi hili ni miongoni mwa zile za kwanza ambazo wagonjwa wa aina hiyo huandikiwa.

Mitungi tisa kwa siku

Kila figo ina takriban vichujio milioni 1 vidogo mno viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa myembamba ya damu, kisha hufuatwa na mrija mrefu uliojipindapinda.

Damu inapopita kwenye kifundo hicho, maji, chumvi, sukari na taka huchujwa na kuingia ndani ya mrija. Chembechembe za damu pamoja na protini kubwa hubaki kwenye mshipa.

Kiasi kinachochujwa ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika mtu mzima mwenye afya, figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, yaani mitungi 9 ya lita 20. Ndani ya maji hayo mna chumvi inayokaribia kilo moja na nusu, sawa na pakiti tatu za nusu kilo.

Iwapo vyote hivyo vingetoka mwilini, binadamu hangemaliza siku. Kwa hivyo, maji yaliyochujwa yanaposafiri ndani ya mrija, kuta zake huyanyonya na kuyarudisha kwenye damu pamoja na chumvi. Asilimia 99 hurudishwa. Kinachobaki ni mkojo, ambao kwa kawaida huwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku.

Katika kazi hiyo, figo hazina pampu ya kuvuta maji. Zilicho nacho ni milango ya protini ambayo hupitisha sodiamu, ile sehemu ya chumvi yenye uwezo mkubwa wa kuvuta maji. Sodiamu ikihama, maji huifuata.

Hapa ndipo dawa hupata nafasi. Figo zikirudisha asilimia 98 ya chumvi badala ya 99, tofauti huonekana ndogo, lakini chumvi inayotoka mwilini imeongezeka maradufu. Dawa za kuongeza mkojo huishi katika asilimia hizo chache.

Kila dawa na mlango wake

Mrija wa nefroni una sehemu nne kuu, na kila kundi la dawa lina sehemu yake. Nguvu ya dawa hutegemea kiasi cha chumvi ambacho sehemu hiyo huwa inarudisha, na pia uwezo wa sehemu zinazofuata kuokoa kilichoponyoka.

Sehemu ya kwanza hurudisha takriban theluthi mbili ya chumvi yote. Mtu angetarajia kuwa dawa inayofanya kazi hapo ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini sivyo. Dawa kama asetazolamidi huzuia sehemu hiyo kwa kiasi, ila chumvi inayoponyoka hunaswa na sehemu zilizo mbele.

Kwa sababu hiyo, asetazolamidi hutumiwa zaidi kwa kazi nyingine. Hupunguza shinikizo ndani ya jicho, na wapandaji wa milima mirefu kama Mlima Kenya huitumia kujikinga na ugonjwa wa mwinuko. Dawa hiyo huifanya damu iwe na asidi kidogo zaidi, na mwili hujibu kwa kuongeza kasi ya kupumua.

Sehemu ya pili ni kitanzi cha Henle, kilichopewa jina la Jakob Henle, mtaalamu wa Ujerumani aliyekieleza mwaka wa 1862. Hapo hurudishwa takriban robo ya chumvi, kupitia mlango unaobeba sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja.

Furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Lasix, huufunga mlango huo. Kwa kuwa sehemu zinazofuata haziwezi kuokoa mzigo mkubwa kiasi hicho, mkojo hutoka kwa wingi. Ndiyo maana furosemidi huchaguliwa moyo unapolemewa na mapafu kujaa maji. Ikidungwa kwenye mshipa, huanza kufanya kazi katika dakika chache.

Sehemu ya tatu hurudisha asilimia 5 hivi pekee. Hapa ndipo hufanya kazi kundi la thiazidi, kama vile hidroklorothiazidi, pamoja na jamaa zake klothalidoni na indapamidi. Mkojo hauongezeki kwa kishindo, lakini kazi huendelea kwa muda mrefu zaidi, jambo linalozifanya zifae kwa shinikizo la damu.

Sehemu ya nne na ya mwisho hurudisha asilimia 2 au 3, chini ya amri ya homoni ya aldosteroni. Spironolaktoni huizuia homoni hiyo, ilhali amiloridi huuziba mlango wenyewe. Dawa hizi ni dhaifu kwa kuongeza mkojo, lakini zina sifa moja muhimu: huhifadhi potasiamu.

Manitoli ndiyo yenye njia tofauti kabisa. Haifungi mlango wowote. Ni sukari ya aina yake ambayo huchujwa na figo lakini hairudishwi, na hivyo huyashikilia maji ndani ya mrija. Madaktari huidunga hospitalini, mathalani ubongo unapovimba baada ya jeraha la kichwa.

Tangu muongo wa 2010 limeongezeka kundi jingine, likiwemo dapagliflozini, ambalo huzuia figo zisirudishe sukari pamoja na sodiamu kiasi. Lilianza kama tiba ya kisukari, na baadaye tafiti zikaonyesha kwamba huukinga moyo na figo zenyewe.

Safari ya tembe hadi kwenye mrija

Furosemidi na thiazidi hazifanyi kazi zikiwa kwenye damu. Sharti ziingie ndani ya mrija, kwa kuwa milango zinayoifunga imeelekea upande wa mkojo.

Zikiwa kwenye damu, dawa hizo husafiri zikiwa zimeshikamana na protini iitwayo albumini, kwa hivyo ni chache sana zinazochujwa. Sehemu ya kwanza ya mrija ndiyo huzichukua kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani, ambako huelea na mkojo hadi zifike kwenye mlango wake.

Safari hiyo hueleza jambo linalowashangaza jamaa wengi wa wagonjwa. Mtu ambaye figo zake zimedhoofika huandikiwa furosemidi nyingi kuliko jirani yake mwenye figo nzima. Hilo si kosa la daktari. Figo zilizodhoofika huingiza dawa kidogo, basi kipimo hulazimika kupanda ili kiasi cha kutosha kifike.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huivuruga kazi hii. Hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Mgonjwa anayemeza tembe ya maji asubuhi na ya maumivu ya mgongo jioni anaweza kujikuta amevimba tena asijue sababu.

Mkojo ukipungua, dawa haijaisha nguvu

Katika siku za kwanza, mgonjwa wa shinikizo la damu huona mkojo umeongezeka. Baada ya wiki chache hali hurudi karibu na kawaida, naye hudhani mwili umeizoea dawa na haina faida tena.

Kinachotokea ni kwamba mwili umefikia mizani mpya. Chumvi inayoingia na inayotoka zimelingana, lakini akiba iliyo mwilini imepungua kuliko ilivyokuwa awali. Isitoshe, thiazidi zikitumiwa kwa muda, mishipa ya damu hulegea na kupanuka, na kwa hivyo shinikizo hubaki chini hata bila mkojo mwingi.

Kwa mgonjwa huyo, kipimo cha mafanikio ni mashine ya kupimia shinikizo, si idadi ya safari za msalani.

Faida zake zimethibitishwa katika tafiti kubwa. Utafiti wa ALLHAT uliofanyiwa watu zaidi ya 33,000 Amerika Kaskazini, na ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2002, ulionyesha kuwa klothalidoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, haikushindwa na dawa mpya za bei ghali katika kuzuia mshtuko wa moyo.

Mwaka wa 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CREOLE uliowahusu wagonjwa 728 katika mataifa sita ya Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Jozi ya amlodipini na hidroklorothiazidi ilipunguza shinikizo vyema kuliko ya perindoprili na hidroklorothiazidi. Amlodipini na perindoprili pia zilifua dafu.

Spironolaktoni nayo, katika utafiti wa RALES uliochapishwa mwaka wa 1999, ilipunguza vifo vya wagonjwa waliodhoofika sana moyo kwa asilimia 30.

Kutoka zebaki hadi tembe

Wanaozilalamikia dawa hizi huenda wangeshukuru wakijua zilizotangulia. Katika karne ya 19, daktari aliyekabiliwa na miguu iliyovimba alikuwa akiichoma mirija myembamba chini ya ngozi ili maji yatiririke nje.

Mwaka wa 1919 jijini Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl aligundua kwa bahati kwamba dawa ya zebaki iliyotumiwa kutibu kaswende ilimfanya mgonjwa akojoe kupita kiasi. Kwa karibu miaka 40 iliyofuata, sindano za zebaki zikawa tegemeo, licha ya sumu yake.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati klorothiazidi, thiazidi ya kwanza, ilipoanza kuuzwa Marekani. Kwa mara ya kwanza mgonjwa aliweza kupunguza maji na shinikizo kwa kumeza tembe nyumbani kwake. Furosemidi ilifuata katika miaka ya 1960.

Kinachopotea pamoja na chumvi

Furosemidi na thiazidi hupeleka sodiamu nyingi kwenye sehemu ya mwisho ya mrija. Sehemu hiyo hujaribu kuiokoa, na badala yake hutoa potasiamu. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea na kukakamaa, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hatari huzidi kwa anayetumia dijoksini.

Ndizi, machungwa, maharagwe, viazi na parachichi vina potasiamu ya kutosha. Hata hivyo, mtu hafai kujiongezea vyakula hivyo kwa wingi kabla ya kupimwa, kwa maana wapo wenye tatizo la kinyume.

Wanaotumia spironolaktoni au amiloridi huhifadhi potasiamu. Wakichanganya na dawa kama enalaprili au losatani, au iwapo figo zao ni dhaifu, potasiamu inaweza kupanda hadi kiwango cha kuusimamisha moyo. Chumvi mbadala zilizotengenezwa kwa potasiamu huongeza hatari hiyo.

Aidha, thiazidi zinaweza kupandisha sukari ya damu kidogo, kuamsha ugonjwa wa jongo, na kupunguza sodiamu ya damu kupita kiasi, hasa kwa wazee, ambao huonekana wamechanganyikiwa au kuanguka ovyo. Furosemidi ikidungwa kwa wingi na kwa kasi, inaweza kudhuru masikio.

Hayo yote hugunduliwa mapema kwa kupima damu. Mgonjwa anayekwepa kipimo hicho ili kuokoa gharama huwa anatembea gizani.

Je, huziua figo?

Swali hili ndilo huwafanya wengi watupe tembe zao. Dawa hizi zikitumiwa kwa kipimo kinachofaa haziziui figo. Kinachoziumiza ni ukavu wa mwili, yaani maji na chumvi vinapopungua kupita kiasi hadi damu inayofika kwenye figo ikawa haba.

Hali hiyo hutokea mgonjwa anapoongeza tembe bila ushauri, au anapoendelea kuzimeza huku akihara na kutapika. Siku kama hizo anapaswa kumuuliza daktari haraka iwapo asitishe dawa hadi apate nafuu. Kizunguzungu anaposimama, kiu isiyoisha na mkojo mchache mweusi ni dalili za kutopuuzwa.

Kwa upande mwingine, shinikizo la damu lisilotibiwa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi. Anayeacha dawa kwa kuzihurumia figo zake huenda akawa anazipeleka kwenye mashine ya kusafishia damu.

Vilevile, si kila uvimbe ni wa dawa hizi. Mjamzito aliyevimba anahitaji kupimwa shinikizo na mkojo, kwani huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Amlodipini nayo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na tembe za maji hazisaidii sana katika uvimbe huo.

Wanaozimeza ili wapunguze uzani hujidanganya. Kinachopungua ni maji, si mafuta, na hurudi pindi tembe zinapoachwa. Wanamichezo nao wamepigwa marufuku kuzitumia kwa kuwa mkojo ukizimuliwa huficha dawa nyingine. Mwaka wa 2015, wanariadha wawili wa Kenya walipatikana na furosemidi katika mashindano ya dunia jijini Beijing na kufungiwa kwa miaka minne.

Sufuria inayoshindana na tembe

Furosemidi inayomezwa hufanya kazi kwa saa 6 hadi 8. Baada ya hapo, figo huamka na kukamata chumvi kwa pupa ili kufidia iliyopotea. Mgonjwa akila chakula chenye chumvi nyingi jioni, figo hurudisha yote yaliyotolewa asubuhi, na mwisho wa siku hakuna alichopata ila usumbufu wa msalani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo ni pamoja na ya mkate, soseji, chipsi na vikolezo vya mchuzi vinavyouzwa kwa vipande.

Wagonjwa wengi huagizwa kumeza dawa hizi asubuhi ili usingizi usikatizwe. Mwenye safari ndefu ya matatu anaweza kumuuliza daktari iwapo inafaa asogeze saa za kumeza, badala ya kuiruka dawa siku nzima kwa kuogopa kubanwa njiani.

Mwenye ugonjwa wa moyo anashauriwa ajipime uzani kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Uzani ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, hayo si mafuta. Ni maji yanayorudi, na wakati wa kumwona daktari ni siku hiyo, kabla pumzi haijaanza kumwishia usiku.